Gari la Zamani Linapogoma Kuwaka

Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz alilitoa gari la mumewe bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akashika njia kutoka Mannheim kwenda kwa mama yake huko Pforzheim, kusini mwa Ujerumani. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 100, enzi ambayo hapakuwa na gereji wala kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta aliyanunua duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Na waya wa umeme wa kuwashia injini ulipochubuka, yasimuliwa kwamba aliuviringishia mpira wa kushikia soksi zake, gari likaendelea na safari.

Safari hiyo inakumbukwa kuwa ya kwanza ya masafa marefu kwa gari. Mafundi wana sababu yao ya ziada ya kuikumbuka. Mafuta yasiyofika na umeme unaovujia njiani, mambo mawili yaliyomsumbua Bertha, ndiyo hadi leo yanayolilaza gari la zamani uani asubuhi ya mvua. Na jinsi alivyoyatatua inafundisha. Hakubahatisha, alitafuta mahali penye kasoro, akapatengeneza hapo hapo.

Magari ya zamani bado ni mengi kuliko wakazi wengi wa mijini wanavyodhani. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifurika Land Rover katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya magari hayo, yakiwamo yale ya Series yenye mabodi ya bapa ambayo kwa miongo mingi yaliwabeba madaktari, askari wa wanyamapori, mapadri na maofisa wa kilimo katika Afrika Mashariki. Ukiacha Land Rover kuna Peugeot 504, Volkswagen za mgongo wa duara, Datsun, na Corolla za kabureta. Yote haya yanafanana kwa jambo moja: hayana kompyuta ya kuamua plagi itoe moto lini. Kazi hiyo inafanywa na distributa, kifaa ambacho mtu anaweza kukifungua kwa mkono na kukitazama kinavyofanya kazi.

Hiyo ni neema kubwa, na inasikitisha kuona inavyopotezwa. Mwenye gari akizungusha ufunguo, stata ikalia na injini isishike, kwa kawaida moja kati ya mambo mawili hufuata. Ama vijana wanaitwa kusukuma hadi jasho liwatoke, ama fundi anaagiza plagi mpya, kesho koili, keshokutwa distributa nzima, na kila kimoja kinalipiwa kabla mchawi hajapatikana. Moto wa gari la zamani una njia moja tu, kutoka betri hadi plagi. Njia hiyo inafuatika kituo kwa kituo kwa testa ya taa ya volti 12, bisibisi na macho yaliyotulia. Anayeifuata kwa utaratibu hununua kifaa kimoja, na mara nyingi hanunui hata kimoja.

Ili kuifuata, kwanza mtu aelewe moto wenyewe unavyozaliwa.

Mfumo wa pointi na koili kama tunavyoujua ulitokana na Charles Kettering, mhandisi wa Dayton, katika jimbo la Ohio, Marekani. Kampuni ya Cadillac iliutia kwenye magari yake ya mwaka 1910, na Cadillac za 1912 zikaja na stata ya umeme, nayo kazi ya Kettering. Dunia nzima ikafuata. Zaidi ya miaka 60 ilipita bila mabadiliko ya msingi, hadi Chrysler ilipofunga mfumo wa elektroniki usio na pointi kwenye magari yake yote ya Marekani ya mwaka 1973, na wengine wakaandama. Kwa hiyo aliyeelewa Peugeot ya 1968 ameielewa pia Land Rover ya 1980 na Volkswagen ya 1970.

Betri hutoa volti 12. Volti hizo haziwezi kuruka mwanya wa plagi ndani ya silinda iliyobana hewa na petroli. Hapo zinatakiwa volti 10,000 na zaidi, na injini ikielemewa huweza kutaka hata 20,000. Kuzipandisha ni kazi ya koili. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba zilizozungushiwa chuma kimoja: mnene wenye mizunguko mia kadhaa, na mwembamba sana wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri, ampea tatu au nne hivi, hupita kwenye ule mnene na kuifanya koili kuwa sumaku. Kisha unakatwa ghafla. Aliyewahi kufunga bomba la maji kwa kishindo na kusikia mabomba yakigonga ukutani anaijua tabia hii: kilichokuwa kinakwenda kikizuiwa mara moja, nguvu yake hutafuta pa kutokea. Sumaku ya koili ikianguka, nguvu hutokea kwenye waya mwembamba ikiwa na maelfu ya volti.

Kinachokata umeme ni pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa kila vinaposukumwa na kamu iliyo kwenye shafti. Kando yake kuna kondensa, kikopo kidogo kuliko kidole gumba, ambacho hupokea umeme unaotaka kuruka kati ya pointi wakati zinaachana. Bila kondensa pointi huungua na cheche ya plagi hudhoofika. Juu ya shafti imekaa rota, inayopokea umeme mkubwa kutoka katikati ya kofia ya distributa na kuugawia waya wa kila plagi kwa zamu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 100 kwa sekunde. Mtu akilifikiria hilo, atashangaa kwamba vitu hivi huharibika mara chache hivyo.

Sasa gari limegoma. Kabla ya kufungua chochote, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, petroli iliyomwagika ifutwe ikauke. Waya za plagi zisishikwe kwa mkono mtupu wakati stata inazungusha. Umeme wake humrusha mtu akajigonge kwenye boneti au feni, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiusogelee kabisa.

Swali la kwanza linajibiwa na sikio. Stata inazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida? Ikiwa inazunguka kwa uvivu, au inatoa mlio mmoja na kunyamaza, habari ya moto haijafikiwa bado. Wa kutazamwa hapo ni betri, vichwa vyake vilivyoota ukoga mweupe au wa kijani, na waya mnene unaoiunganisha na bodi na injini. Taa kubwa ziwashwe, kisha stata ipigwe: zikizimika au kufifia mno, umeme haufiki. Mwenye mita atasoma volti 12.6 kwenye betri iliyojaa na 12.2 hivi kwenye iliyobaki nusu. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati stata inafanya kazi, imechoka.

Betri iliyochoka ina hila ambayo imewaingiza wengi katika gharama. Stata ikimeza umeme wote uliopo, koili hubaki na volti chache, na plagi hutoa cheche hafifu ingawa vifaa vyote vya moto ni vizima. Fundi anaona cheche ya njano, anahukumu koili. Gari likiunganishwa na betri ya jirani huwaka papo hapo, na koili mpya imekwishalipiwa.

Hapo ndipo kusukuma gari kunapokuwa na maana. Kusukuma kunachukua nafasi ya stata na kuiachia koili umeme wote wa betri. Lakini stata inayozungusha vizuri imeshafanya kazi yote ambayo watu sita wangeifanya nyuma ya gari. Kama injini haikushika kwa stata yenye nguvu, haitashika kwa kusukumwa hadi mtaa wa tatu, na ni vyema vijana waachwe wapumzike.

Swali la pili ni kama kinachokosekana ni petroli au moto. Stata ikipigwa kwa sekunde kumi hivi, plagi moja itolewe na kutazamwa. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki, na safari inaelekea kwenye pampu, chujio na kabureta. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yapo, moto ndio hauonekani. Kuna hali ya katikati: injini iliyozidiwa na petroli kwa sababu dereva amepiga choki na kupampu pedali mfululizo. Hiyo huponywa kwa kukanyaga pedali ya mafuta hadi chini, kuishikilia bila kupampu, na kupiga stata hadi silinda zijikaushe.

Tuseme gari lenyewe ni Land Rover Series III ya petroli, ile ya injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 2,286, na limelala nje huko Karatu usiku mzima wa mvua. Stata inazungusha vizuri. Plagi imelowa petroli.

Plagi hiyo inarudishwa kwenye waya wake na kulazwa ili chuma chake kiguse bloku ya injini, mbali na tundu ilikotoka maana tundu hilo hupuliza mvuke wa petroli. Mtu wa pili anapiga stata. Cheche ya bluu inayolia tak-tak ni habari njema. Ya njano, nyembamba, isiyo na sauti ni dalili ya udhaifu mahali fulani. Angalizo moja: hewani cheche huruka kwa urahisi kuliko ndani ya silinda iliyobanwa, kwa hiyo cheche inayoonekana "si mbaya" nje huenda ndani haipo kabisa.

Plagi ya Land Rover yetu haitoi kitu. Hatua inayofuata ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inagawa njia nzima katika nusu mbili kwa dakika moja. Waya mkuu, unaotoka koili kwenda katikati ya kofia ya distributa, unachomolewa upande wa kofia. Unashikwa kwa koleo kavu yenye mpira, ncha yake ikae milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Stata inapigwa. Cheche kali ikiruka hapo, basi betri, swichi, koili, pointi na kondensa vyote vimeachiliwa huru kwa mpigo mmoja, na kosa liko kwenye kofia, rota au waya za plagi. Isiporuka, kosa liko nyuma.

Inaruka. Kwa gari lililolala kwenye mvua, hilo ndilo la kutarajiwa.

Kofia inafunguliwa kwa kuachia vibanio viwili vya pembeni. Ndani mna ukungu wa maji, na hilo peke yake latosha kuzuia gari lisiwake: umeme wa maelfu ya volti hupitia majimaji kwenda kwenye chuma badala ya kwenda kwenye plagi. Kofia inakaushwa kwa kitambaa safi, ndani na nje, pamoja na shingo za waya za plagi. Kisha inapelekwa kwenye mwanga. Anayeitazama kwa makini hutafuta mstari mweusi mwembamba, wa upana wa alama ya penseli, unaotoka nguzo moja kwenda nyingine au kwenda ukingoni. Huo ni mkaa uliochomwa na umeme uliokwisha kujifungulia njia. Kofia yenye mstari huo hukubali kukwaruzwa na kuendelea kwa siku mbili tatu, lakini hatima yake ni kubadilishwa. Katikati ya kofia mna kipande cha kaboni chenye springi. Kikiwa kimeliwa au kimekwama juu, hakigusi rota.

Rota yenyewe ina ugonjwa usioonekana kwa macho. Plastiki yake hutoboka ndani, umeme ukashuka moja kwa moja kwenye shafti. Kuna jaribio la zamani la kuikamata, na linapendeza kulifanya. Kofia ikiwa wazi na swichi ikiwa imewashwa, ncha ya waya mkuu wa koili inashikwa kwa koleo milimita 3 hivi juu ya chuma cha rota, kisha pointi zikiwa zimefunga zinafunguliwa kwa ncha ya bisibisi yenye mpini wa plastiki. Rota nzima haina pa kuupeleka umeme, kwa hiyo haipokei cheche ya maana. Cheche kali ikiruka na kupiga rota kila pointi zinapofunguka, rota imetoboka. Ni kifaa cha bei ndogo, na kimewahi kusababisha distributa nzima zitupwe bure.

Uadui wa maji na moto ni wa tangu mwanzo wa magari. East African Safari, mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanzania, zilikuwa mtihani wa uadui huo kila mvua za Pasaka zilipofunguka. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7, na mshindi akawa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, gari ambalo pia lilimpa ushindi mwaka 1963, nako waliomaliza walikuwa 7 tu. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo kwa aina hiyo hiyo ya gari. Katika mashindano kama yale, kuzuia maji yasiingie kwenye distributa na waya zake ilikuwa sehemu ya kulitayarisha gari, sawa na kufunga matairi. Mwenye gari la kawaida anayevuka mto wakati wa masika anaweza kujifunza hapo: kofia isiyo na ufa, waya zisizokakamaa, na mpira wa kufunika kila shingo ya waya.

Sasa tuugeuze mfano wetu. Waya mkuu wa koili haukutoa cheche. Hapa testa ndiyo mwalimu, na inafaa kukaa naye kwa muda.

Swichi inawashwa bila kupiga stata. Mkia wa testa unabanwa kwenye chuma kisafi cha bodi, ncha yake inaguswa kwenye nati ya koili inayopokea umeme kutoka swichi. Taa isipowaka, koili haipewi umeme, na kosa liko kwenye fyuzi, swichi au waya wa katikati. Katika magari ya huku kuna mshukiwa wa ziada: swichi ya siri ya kuzuia wezi, iliyofungwa chini ya dashibodi au kiti na mwenye gari wa awali, na ambayo mnunuzi hakuambiwa. Kabla ya kuhukumu waya zote, ni vizuri kumpigia simu aliyeliuza.

Taa ikiwaka hapo, ncha inahamishiwa kwenye nati ya pili ya koili, ile yenye waya mwembamba unaokwenda kwenye distributa. Injini inazungushwa polepole kwa mkono. Land Rover za Series zina hendeli ya mbele kwa kazi hiyo. Kama ufunguo umewashwa, hendeli ishikwe kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, kwa sababu injini ikipiga kinyume hendeli hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole au mkono. Pointi zikifunga, taa inapaswa kuzimika. Zikifunguka, inapaswa kuwaka, pengine kwa mwanga hafifu. Stata ikipigwa, taa inapepesa. Taa inayopepesa inasema kwamba pointi zinafanya kazi yake, na lawama inahamia kwa kondensa au koili.

Taa inayowaka muda wote bila kuzimika ni lugha ya pointi zisizogusana. Gari lililosimama miezi miwili mitatu hupatwa sana na hili: nyuso za pointi huota kutu nyepesi ambayo volti 12 haziwezi kuipita. Hakuna cha kununua. Kipande cha msasa laini kinapitishwa kati ya pointi mara chache, kisha karatasi safi ya kufuta vumbi. Hata pointi mpya zilizotoka dukani zifutwe, maana mara nyingi hupakwa mafuta ya kuzuia kutu ambayo huzuia na umeme pia.

Taa isiyowaka kabisa kwenye nati hiyo ya pili, hata pointi zikifunguliwa kwa bisibisi, inaonyesha kwamba umeme unaingia kwenye bodi kabla ya wakati, au kwamba uzi wa koili umekatika ndani. Waya wa distributa uchomolewe kwenye koili: taa ikiwaka sasa, koili ni nzima na mchawi yumo ndani ya distributa. Huenda kondensa imeungana ndani kwa ndani. Huenda ni vishikizi vya plastiki vya nati ya pointi vilivyorudishwa vibaya baada ya kubadilisha pointi, waya ukagusa chuma. Kosa hili la mwisho hutokea sana kwenye distributa za Lucas za zamani, na dalili yake haidanganyi: gari lilikuwa linawaka, pointi zikabadilishwa, na tangu hapo halijawaka tena. Mle mle mna waya mfupi mwembamba unaounganisha bamba la pointi na mwili wa distributa. Hukatikia ndani ya ganda lake, na gari huwaka leo na kukataa kesho.

Pengo la pointi linadai heshima yake. Kwenye Land Rover hiyo ni milimita 0.35 hadi 0.40, likipimwa kwa fila, kipimo chembamba cha mwanya, wakati kamu imezisukuma pointi hadi mwisho. Kisigino cha pointi huliwa kwa kusuguana na kamu, pengo likapungua taratibu bila dereva kugundua: mwanzo gari linakuwa zito, kisha gumu kuwaka asubuhi, mwisho pointi hazifunguki kabisa. Tone dogo la grisi kwenye kamu hurefusha maisha ya kisigino. Likizidi, hurukia pointi na kuziua.

Kondensa haina jaribio rahisi la barabarani. Dalili zake ni cheche kubwa za bluu kati ya pointi zenyewe zinapofunguka, nyuso zilizoungua na kuchimbika, na moto dhaifu kwenye waya mkuu. Dawa ni kuweka nyingine inayojulikana kuwa nzima. Neno "inayojulikana" lina uzito hapa, kwa sababu vifaa vya magari ya zamani vimejaa bidhaa duni sokoni, na kondensa au rota mpya ya bei ya kutupa inaweza kufa wiki hiyo hiyo. Kifaa cha zamani ambacho bado kinafanya kazi kisitupwe. Kiwekwe kwenye kisanduku cha dashibodi kama akiba.

Koili nayo hupimwa kwa mita. Koili ya kawaida ya volti 12 husoma omu 3 hadi 4 kati ya nati zake mbili ndogo. Baadhi ya magari hutumia koili ya omu 1.5 hivi pamoja na kipunguza umeme kilichofungwa njiani, ambacho hurukwa wakati wa kupiga stata ili koili ipate nguvu ya ziada. Mpango huo una dalili yake ya kipekee: injini inashika ufunguo ukiwa umeshikiliwa kwenye stata, na inazima sekunde ile ile unapoachiwa. Aliyeiona dalili hiyo aende moja kwa moja kwenye kipunguza umeme au swichi ya ufunguo. Na aliyepewa koili ya omu 1.5 akaifunga bila kipunguza umeme atakuwa na koili ya moto wa kuunguza mkono na pointi zilizoungua kabla ya muda wake.

Joto linaleta fumbo jingine. Gari linawaka asubuhi bila shida, linatembea nusu saa, linazima, na baada ya kupumzika kivulini linawaka tena. Koili iliyochakaa hufanya hivyo, kondensa pia, na petroli inayochemka ndani ya bomba huiga dalili hizo hizo. Kinachozitenganisha ni kupima moto pale pale gari linapokuwa limezima, kabla halijapoa. Kipimo kilichofanywa gereji kesho yake, injini ikiwa baridi, hakina thamani yoyote kwa ugonjwa wa namna hii.

Corolla na ndugu zake za miaka ya themanini na tisini zina distributa pia, ila pointi zimeondolewa na mahali pake pamewekwa kihisio na kisanduku kidogo cha elektroniki. Njia ya moto ni ile ile, na waya mkuu bado hugawa kosa katika nusu mbili. Tofauti ni kwamba cheche isiachwe bila pa kutua. Waya uwekewe plagi ya zamani iliyobanwa kwenye chuma cha injini, maana umeme mkubwa uliokosa njia huweza kukiunguza kisanduku hicho, nacho si rahisi kama pointi. Kwa injini zenye mkanda wa taimingi kuna jambo la kutazama mapema: kofia ifunguliwe na stata ipigwe. Rota isipozunguka, mkanda umekatika, na hakuna koili wala plagi itakayosaidia. Sikio lililozoea husikia injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mzigo.

Limebaki kosa la binadamu. Waya za plagi zikichomolewa zote kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa zikarudi vibaya, na gari lenye moto mzuri na petroli ya kutosha likabaki linapiga mafataki kupitia kabureta. Kwenye Land Rover, Peugeot na Toyota nyingi za silinda nne mpangilio ni 1-3-4-2. Volkswagen ya injini ya nyuma ni 1-4-3-2. Kila waya ufungwe utepe wenye namba kabla ya kuguswa.

Anayesoma haya hahitaji kuwa fundi. Anachohitaji ni kuweka ndani ya gari testa, fila, msasa laini, pointi, kondensa na rota za akiba, vitu vinavyoingia kwenye mfuko mmoja wa kitambaa. Na siku atakapolipeleka gari gereji, amwombe fundi kwa heshima amwonyeshe cheche ya waya mkuu kabla ya kununua chochote, amwonyeshe tena kifaa kipya kikishafungwa, na amkabidhi kile kilichotolewa. Fundi anayeijua kazi yake hataona tabu kuyafanya yote matatu.